Misiba ya Hewani

Gaudens alikuwa na miaka hamsini na moja alipokuja Kibiti kuanza kazi kwa mara ya tatu maishani, na alionekana amechoka hata kabla hajaonyeshwa kiti chake. Kazi ya kwanza ilikuwa ukarani katika shirika la umma Dar es Salaam. Shirika likauzwa, naye akapunguzwa pamoja na wenzake mia mbili, wakapewa cheti na soda. Ya pili ilikuwa kwa mnunuzi wa korosho aliyefunga ghala Ijumaa moja na hakuonekana tena. Ya tatu ndiyo hii ya kwetu, kampuni ya kununua kamba wa baharini iliyoitwa Bahari Mpya, mwaka tisini na nane. Wiki ya kwanza tu aliniambia, wala sikumwuliza: "Mwanasiti, hapa ndipo mwisho wangu. Nikifukuzwa hapa sina tena nguvu za kuanza. Kwa hiyo sitafukuzwa."

Nilicheka. Mimi mtu wa Mtunda, hapa jirani, nimezoea wageni wa bara wanaokuja na maneno makubwa, na nilidhani huyu Mpogoro wa Mahenge ni mmoja wao. Baadaye niliona alikuwa anasema kama mtu anayesoma majibu ya daktari.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara kuu. Mimi nilikaa na redio ya upepo, Gaudens akakaa na kompyuta. Wengine wote walikuwa mbali: bosi wetu Felix alikuwa Dar, na wanunuzi wetu walikuwa kambini huko kwenye delta ya Rufiji, Mbwera, Kiomboni na vijito vingine ambako wavuvi walileta kamba. Biashara yenyewe ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya. Kamba wanapatikana kwa wingi wakati wa bamvua, maji yakijaa na kupwa sana. Asiyekuwa na barafu siku hiyo, kijitoni hapo, amekosa. Kwa hiyo siri ya kampuni nzima ilikuwa ratiba: barafu inafika kijito gani, siku gani, na nani anaipokea. Ratiba hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ilifunguliwa kwa neno la siri ambalo Gaudens na Felix peke yao ndio waliolijua.

Gaudens alililinda neno lile kupita kiasi. Jenereta liliwashwa saa mbili hadi saa sita, na kila asubuhi kabla ya kuandika aliniomba nigeuke. "Nigeuke nimefanya nini?" nilikuwa nikimwuliza. "Mie sijui hata herufi zilipokaa kwenye hilo dude." Anangoja tu, mikono magotini, mpaka nigeuke.

Sasa niseme juu ya redio, maana mambo yote yalianzia hapo. Redio ya upepo haina faragha. Stesheni zote za delta zilisikilizana: sisi, kampuni nyingine, wakata mikoko, idara za serikali. Tulitukanana humo, tukatongozana, tukaulizana hali ya maji. Lakini palikuwa na desturi moja ambayo hata mshenzi wa mwisho aliiheshimu. Mtu akiita "Msiba, msiba," wote wananyamaza, hata kama unaongea na bosi wako. Ujumbe unapita mpaka umfikie mwenyewe. Na mleta habari ya kifo haulizwi maswali. Ukimwambia "Una hakika?" umemtusi yeye na maiti. Habari nyingi za misiba zilikuja saa nne asubuhi, wakati sauti inasafiri vizuri, na mimi nilikuwa nimepeleka za watu wengi tu, kwa kalamu na kijikaratasi.

Mwezi wa tano mwaka elfu mbili, saa nne, sauti ya kiume nisiyoijua ikaita msiba. Ujumbe ulikuwa wa Gaudens. Mama yake mzazi, Bibi Honorata, amefariki Mahenge, watoto wote wafike. Sauti ilikuwa ya upole, ikasema pole mara mbili. Niliandika, nikainuka, nikamwekea Gaudens mkono begani kwanza ndipo nikampa karatasi.

Aliisoma, akaikunja, akaifunua tena. Halafu akafanya jambo ambalo lilinishtua kuliko kilio. Aliniita kwenye kompyuta. Bamvua ilikuwa siku mbili mbele, lori la barafu lilikuwa njiani, na bila ratiba hakuna kitu kingekwenda. Akasema nisigeuke leo, nitazame. Akaandika neno la siri polepole kwa kidole kimoja huku akilitamka ili nilishike, na lilikuwa Honorata. Jina la mama yake. Alifika katikati ya jina sauti ikakatika, nikamalizia mimi.

Kesho yake, Gaudens akiwa njiani kwenda kwao, aliingia kijana nadhifu mwenye mkoba. Akasema ni fundi wa kompyuta, katumwa na Felix kuitazama mashine kabla ya bamvua. "Nimesikia mzee Gaudens kafiwa na mama. Poleni sana, dada." Kwenye meza tulikuwa tumeweka daftari la rambirambi. Akalivuta, akatia mkono mfukoni, akatoa hela yake ya rambirambi, akaandika jina kwa mwandiko mzuri. Niambie, nani atamshuku mtu aliyeandika jina kwenye daftari la msiba? Nikampikia chai. Nikamfungulia kompyuta mwenyewe, Honorata, herufi moja moja. Akaingiza disketi, akakaa muda wa kunywa kikombe, akaitoa, akaaga.

Bamvua ilipofika, kila kijito tulichokwenda tulikuta boti ya kampuni nyingine imetutangulia kwa siku moja. Barafu yao imeshafika, kamba wameshapakiwa, wavuvi wameshakunja nyavu. Mbwera hivyo, Kiomboni hivyo. Tuliwapelekea barafu watu waliokuwa wanatushangaa. Kompyuta nayo ikaanza kuumwa, inazima yenyewe, mafaili yanafunguka yakiwa matupu. Felix alisema kwa redio, tena kwa sauti ambayo delta nzima iliisikia, kwamba hakumtuma fundi yeyote.

Gaudens alikuwa amefika Mahenge wakati huo. Basi hadi Dar, treni hadi Ifakara, kivuko, halafu lori la mizigo, siku nne, na sanda ya hariri aliyoinunua njiani ameikumbatia. Alimkuta mama yake uani anapepeta mchele. Bibi akaitazama ile nguo nyeupe, akauliza, "Nani kafa?" Gaudens aliniambia alicheka sana, kisha akaketi palepale kwenye makapi. Bibi aliichukua sanda akaiweka sandukuni. Alisema kitu kizuri hakirudishwi.

Alirudi akiwa amefurahi, maskini. Alikuwa hajajua bado. Felix alikuwa anamsubiri ofisini, amekaa kwenye kiti chake, na karatasi mbili zimechapwa tayari. Hakupiga kelele. Alisema neno la siri la jina la mama ni upuuzi, kumpa mtu mwingine ni kosa, na kwamba angemfukuza siku ileile isipokuwa hakuna mwingine anayeijua kazi. Halafu akatusomea waraka. Kuanzia leo ujumbe wowote wa redio, hata wa msiba, lazima uthibitishwe. Kwanza, anayeita ataje jina na stesheni. Pili, aulizwe jambo ambalo watu wa nyumba hiyo tu ndio wanalijua. Tatu, habari ithibitishwe kwa njia nyingine. Mpaka hayo yatimie, mhusika haambiwi na hakuna anayeondoka kazini. "Ikitokea tena, Gaudens, hiyo karatasi ya pili ninaijaza jina." Karatasi ya pili ilikuwa barua ya kuachishwa kazi. Aliiacha mezani siku nzima. Gaudens akasaini waraka, na mimi nikasaini.

Sitasema waraka ulikuwa wa kijinga, ingawa nilitamani uwe hivyo. Mwezi wa nane mtu aliita akijifanya Felix, sauti imekauka kama ya mwenye mafua, akataka neno jipya la siri haraka kwa sababu yuko na wateja. Gaudens akamwuliza siku ile alipokuja Kibiti alikaa kiti cha nani. Redio ikafa. Delta nzima ilicheka, na Felix akaandika barua ya pongezi. Gaudens aliikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati, na kwa wiki kadhaa niliona alama yake pale kifuani.

Lakini alizeeka. Alibadilisha neno la siri kila Jumatatu na alikuwa analisahau, anakaa mbele ya mashine anajipigapiga paji la uso. Aliuliza maswali hata kwa habari za maji kujaa. Kambini wakampa jina la Bwana Thibitisha, wakawa wanaita redioni, "Bwana Thibitisha, leo jua limetoka, uliza shangazi yake jua anaitwa nani." Alikuwa ananiambia amechoka kuishi akimshuku kila anayefungua mdomo, na nikimwambia basi legeza kidogo, ananyoosha kidole kwenye droo iliyofungiwa ile barua isiyo na jina.

Twalha alikuwa mtunza barafu wetu wa Mbwera. Mtu mfupi, mcheshi, ndiye aliyebuni lile jina la Bwana Thibitisha na hakuficha. Mwezi wa pili mwaka uliofuata alikuja Kibiti kutengenezesha injini ya boti. Kesho yake ilikuwa bamvua, na ni yeye, mwenye ufunguo wa ghala la barafu, aliyekuwa aipeleke barafu ya Mbwera kwa boti hiyo. Asubuhi alipita ofisini akanipa kaa watatu, akamwambia Gaudens, "Mzee, hawa kaa nimewathibitisha, ni kaa kweli," akaenda zake kwa fundi, hatua mia tu kutoka mlangoni kwetu.

Saa nne redio ikaita msiba. Mwanamume, simjui. Alikuwa anazungumza kwa redio ya kampuni ileile iliyotuibia ratiba. Binti yake Twalha, Habiba, mtoto wa miaka sita, amefariki alfajiri kwa homa. Redio ya kambi yetu betri imekwisha, ndiyo maana wameazima hii. Baba mtu aondoke sasa hivi, wanamngoja kuzika.

Nilikwisha simama. Gaudens akanikalisha kwa mkono, akachukua kipaza sauti. Akauliza jina na stesheni, akapewa. Akauliza mama yake Twalha alikuwa anaitwa nani. Yule bwana akasema yeye ni mtu wa redio tu, mgeni wa Kilwa, atajuaje. Gaudens akarudia swali. "Nyie watu," sauti ikasema, "mnamfanyia mtihani maiti?" Ikakatika.

"Mzee Gaudens," nikamwambia, "mtoto huyo nimembeba mie mgongoni. Niache nikamwambie babake."

"Hebu tazama, Mwanasiti. Redio ya nani? Ya walewale. Siku gani? Kesho bamvua. Nani anatakiwa aondoke? Mwenye ufunguo wa barafu. Ni vilevile walivyonifanyia mimi."

"Na kama ni kweli?"

"Saa kumi ni saa yao Mbwera ya kuita, betri watakuwa wamepata, tutajua. Umesaini, na mimi nimesaini."

Hapo ndipo ninapojichukia. Gaudens alikuwa mtu wa Mahenge. Kwao maiti husubiri watu wafike, siku mbili, hata tatu, na nyimbo zinaimbwa. Saa sita za kungoja kwake hazikuwa kitu. Mimi ni Mwislamu wa Rufiji, najua kwetu aliyekufa alfajiri hazikwi kesho. Nilijua, na sikusema. Nilikuwa na wanangu watatu, mshahara mmoja, na saini yangu kwenye karatasi ya Felix. Nikachukua uzi na sindano nikaanza kushona kifungo cha gauni ambacho hakikuwa kimekatika. Mara mbili nilimsikia Twalha akicheka kule kwa fundi.

Angeondoka saa nne angeiwahi boti bandarini Nyamisati na kufika kwake Mbwera kabla ya alasiri. Saa kumi na dakika chache kambi yetu ya Mbwera ikaja hewani, ni kaka yake Twalha, na sikuhitaji kumwuliza kitu. Alikuwa analia. Gaudens alitoka mwenyewe kwenda kumwambia Twalha. Sikutazama. Nilisikia tu nyundo ya fundi imenyamaza.

Twalha alirudi baada ya matanga. Aliingia ofisini akatusalimu vizuri, na hilo lilikuwa baya zaidi. Gaudens akasimama.

"Mlipata habari saa ngapi?" Twalha akauliza.

Gaudens angeweza kudanganya. "Saa nne."

"Walimweka mpaka alasiri. Kila ikisikika injini wanasema baba yake huyo." Akanigeukia. "Na wewe, dada, ulijua?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayehesabu kitu. Gaudens akaanza kueleza juu ya redio ya walewale, juu ya bamvua, juu ya waraka. Kisha akaacha hayo yote, akasema jambo ambalo naamini lilikuwa ndilo la kweli: "Twalha, mimi mama yangu nilimkuta hai. Nilijua na wewe mwanao yu hai. Nilikuwa nangoja nije nikwambie ni uongo, ucheke."

"Ningekwenda, mzee," Twalha akasema. "Ingekuwa uongo, ningemkuta hai, ningekaa naye kidogo, nikarudi. Mngepoteza barafu tu." Akaweka ufunguo wa barafu mezani na kutoka, na hakufanya kazi nasi tena.

Felix alituma barua nyingine. Alisema ni bahati mbaya, lakini utaratibu ulifuatwa. Gaudens hakuiweka mfukoni hii. Aliisoma, akaitia kwenye faili, akaniomba nigeuke ili afungue kompyuta, na nilipogeuka tena nikakuta hajaandika kitu, anatazama tu kioo cha mashine. Alikonda. Jumapili alikuwa anatembea hadi kanisani Mchukwi na kurudi kwa miguu, peke yake. Nilikuwa bado na hasira naye, na nilikuwa na hasira zaidi na mimi mwenyewe, kwa hiyo tulifanya kazi miezi mitatu tukiongea juu ya maji na barafu tu.

Mwezi wa tano lori la barafu lilisimama mlangoni likitoka Dar. Dereva wetu Sadallah, mtu wa Utete, alikuwa kwa mama ntilie anakunywa supu. Saa nne, msiba. Sauti siijui. Baba yake Sadallah amefariki, aende upesi. Kukicha ni bamvua. Nilimtazama Gaudens, nikawa tayari kwa maswali.

Hakugusa kipaza sauti. Alinyanyuka akatoka nje, na kwenye dirisha nilimwona anamsogelea Sadallah, anainama, anamwambia sikioni. Sadallah akaacha bakuli. Gaudens akamsimamishia gari la kwanza lililokuwa linaelekea Utete, akampandisha.

Hakuna mwingine Kibiti siku ile aliyeweza kuendesha lori lile. Tulitafuta mpaka tukachoka. Maji yalianza kudondoka saa sita, na saa tisa yalikuwa yanatiririka mpaka barabarani, wanawake wakaja na ndoo. Kambi zetu zote zilikosa barafu. Kampuni nyingine ilinunua kila kitu. Sadallah alirudi kesho yake asubuhi, akasema babake mzima, alimkuta shambani anafukuza ngedere.

Felix alifika mchana. Alifungua droo, akaijaza ile barua jina. Gaudens aliipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwao, akamshukuru. Kufungasha hakukumchukua hata nusu saa.

Nilimsindikiza hadi mahali magari yanaposimama. Tulikaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimekusudia kumpa pole tu, lakini mdomo haukukubali.

"Mzee Gaudens, ulijua kuwa ule ni uongo?"

"Nilihisi. Nusu kwa nusu."

"Basi mbona hukuuliza hata swali moja? Wewe uliyesema hapa ndipo mwisho wako?"

Gari lilikuwa linaonekana kwa mbali, linakuja na vumbi lake.

"Ile nusu nyingine ilikuwa baba wa mtu, Mwanasiti," akasema.

Akapanda. Nilirudi ofisini nikilia njia nzima, mchana kweupe, watu wananitazama, na wala sikujifuta.